Mliowahi kwenda kutembea Chicago na marafiki, tupeane uzoefu

Mtoto wa Tabata (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za leo.

Kuna wadogo zangu wanne wako Minnesota, wanapanga kwenda kutembea Chicago mwezi wa kumi. Wamenifuata mimi kwa vile nilikwenda Juni 2023 na wenzangu. Nimewajibu la kwangu, lakini nimeona nilete hapa, maana ule mji kila mtu amerudi na lake. Naomba aliyekwenda na kundi aseme ilikuwaje, hasa mambo ya hela na kuvumiliana. Naanza.

Tulikuwa watano, tumesoma wote Dar. Wawili sasa wako Minneapolis, mmoja Houston, mmoja Toronto, mimi nilitoka Dar. Miaka tisa hatujawahi kuwa meza moja sote. Tulikutana uwanja wa ndege wa O'Hare, tukapanda treni ya Blue Line mpaka katikati ya mji kwa dola 5 kila mtu, mabegi mapajani, tunaongea kwa sauti mpaka watu wanageuka.

Hoteli ndipo pa kusikiliza vizuri. Tulikuwa tumelipia vyumba vitatu mapema, tukajua tumemaliza. Kufika mapokezi wakaomba kadi ya kila mwenye chumba, eti ya dhamana. Kila mtu akatoa. Mwenzetu mmoja (nimemwomba ruhusa kuisimulia hii, amekubali) alitoa kadi ya benki ya kawaida, ile inayokata hela yako mwenyewe uliyonayo. Hoteli ikazuia dola 100 kwa kila usiku, siku nne. Hela haijakatwa, lakini huigusi. Na huyu mwenzetu wiki hiyo alikuwa ametuma nyumbani, mama yake kalazwa. Alichokuwa nacho ndicho hicho kilichofungiwa.

Hakusema. Siku mbili nzima ikawa "mimi nimeshiba". Tumekaa kula ile pizza nene ya kwao, inaokwa karibu dakika 45 mpaka mnaanza kuulizana kama imesahaulika, jibini chini na nyanya juu, yeye kaagiza maji. Anasema tumbo. Tumefika Willis Tower, akasema anaogopa urefu, atatusubiri chini. Huyu mtu tulikuwa tunakwea naye minazi Bagamoyo! Na sisi wanne tukaridhika na jibu hilo, tukapanda.

Usiku wa pili nimeamka saa saba nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, taa imezimwa, kikombe cha karatasi mkononi. Mezani vile vipakiti vya sukari wanavyoweka chumbani na kahawa vilikuwa vimechanwa vyote, vimepangwa mstari. Alikuwa anakunywa maji ya moto na sukari. Nikamuuliza kuna nini. Akanyamaza muda mrefu, kisha akanigeuzia simu: salio dola 11.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Aibu yangu mimi, siyo yake. Mtu nimekula naye sahani moja shuleni miaka minne.

Asubuhi tuliweka pesa taslimu kwenye bahasha moja, kila mtu kwa uwezo wake, hakuna kuhesabiana. Kuanzia hapo chakula, treni na tiketi vinatoka kwenye bahasha. Tukarudi Willis Tower watano. Ghorofa ya 103 kuna visanduku vya kioo vimetokeza nje ya ukuta, mita 412 kutoka barabarani. Mwenzetu aliingia, akalala kifudifudi juu ya kioo, akaweka shavu. Chini teksi za manjano ukubwa wa punje ya mahindi. Hakutaka kutoka mpaka mhudumu akaja kutuambia muda wetu umeisha.

Hela yake ilifunguliwa siku sita baada ya sisi kuondoka.

Kwa hiyo wadogo zangu: kabla hamjafika, ulizeni hoteli inazuia kiasi gani na kwa kadi ya aina gani. Na mtu wenu akisema ameshiba mara mbili mfululizo, msimwamini. Karibuni.

Mama Wawili, Columbus

Mdogo wangu, umeniliza asubuhi hii.

Sisi ni wanawake sita, tuna kikundi chetu. Tulichanga kwa miezi kumi, dola 60 kwa mwezi, mweka hazina mmoja, tena tulimchagua yule bahili kuliko wote. Safari ilipofika kila kitu kilikuwa kimeshalipwa, imebaki hela ya zawadi tu. Nawashauri wenye kundi wafanye hivyo, kwa sababu katikati ya safari hakuna anayependa kuwa wa kwanza kusema "mimi siwezi hiyo".

Tulikwenda kwa gari, mwendo wa karibu saa sita. Hapo tulikosea. Maegesho ya katikati ya mji yalitukamua dola 60 na ushee kwa usiku, na gari lenyewe hatukuligusa siku tatu, tulitembea kwa treni na miguu. Pia mkumbuke Chicago wako nyuma yetu kwa saa moja. Sisi tulisahau, tukawahi boti saa nzima kabla.

Na hiyo boti ndiyo ningerudia kesho. Inapita mtoni katikati ya maghorofa, na mtaalamu anaeleza kila jengo. Kuna mapacha wawili wa Marina City, wamejengwa miaka ya 1960, kama magunzi mawili ya mahindi yamesimamishwa, magari yameegeshwa kwenye ghorofa za chini mpaka pua zimechungulia mtoni. Kuna Tribune Tower, ukutani wamepachika mawe ya sehemu maarufu duniani, hata la Piramidi Kuu lipo. Halafu akatuambia huo mto walishaugeuza! Ulikuwa unaingia ziwani na uchafu wote wa mji, na ziwa ndilo wanalokunywa, basi mwaka 1900 wakafungua mfereji, mto ukaanza kutoka ziwani. Mwenzetu mmoja ni fundi wa maji, alinyamaza njia nzima, tuliposhuka akasema tukae kwanza, anataka kulifikiria.

Kitu kimoja kilichotusaidia tusigombane: kila siku mpaka saa nane mchana kila mtu na lake. Wa maduka madukani, wa kulala alale. Saa nane tunakutana kwenye wale simba wa shaba nje ya jumba la sanaa la Art Institute. Wakati huo mna ya kuhadithiana.

Kijana wa Voi

Umetaja simba, Mama Wawili, nami nimekuja kwa ajili ya simba.

Mimi nimezaliwa Voi. Nyanya yangu alikuwa akitutisha na simba wala watu wa Tsavo tukichelewa kurudi na mbuzi. Shuleni tukafundishwa: 1898, wajenzi wa reli wako kwenye daraja la mto Tsavo, simba wawili madume wanaingia kwenye mahema usiku na kuburuta watu. Patterson, mhandisi wa daraja, akawaua wote wawili mwezi wa Desemba mwaka huo. Nilijua hadithi yote. Nilichokuwa sijui ni walipo.

Wako Chicago. Patterson alitumia ngozi zao kama mazulia miaka mingi, halafu 1924 akaziuza kwa makumbusho ya Field Museum kwa dola 5,000. Mafundi wa makumbusho wakazijaza, wakawasimamisha. Mimi niliyajua haya nikiwa nimesimama mbele ya kioo, mwaka jana, na marafiki zangu watatu ambao wao walikuwa wamekuja kumwona Sue, yule dinosaria.

Ndugu zangu, ni wadogo! Hawana manyoya ya shingoni, maana simba dume wengi wa Tsavo ndivyo walivyo, na ngozi zilikuwa zimepunguka kwa kutumika sakafuni. Rangi imefifia kama kanzu iliyofuliwa sana. Nilikuwa nimewabeba kichwani tangu utotoni wakiwa wakubwa kama matatu. Nikawa naangalia miguu. Ile miguu ilikanyaga udongo mwekundu ninaoujua.

Patterson alidai wameua watu 135. Watafiti waliochunguza mifupa na manyoya yao walikadiria kama 35. Na 2024 wengine wakatoa nywele zilizokuwa zimenasa kwenye meno yaliyovunjika, wakakuta za twiga, za pundamilia, za nyumbu, na za binadamu. Hizo za binadamu zimenikaa moyoni. Huyo ni mtu aliyekuwa na mama yake mahali fulani.

Marafiki zangu walishafika ukumbi mwingine, wakarudi kunitafuta. Mmoja ni Mmarekani, akaniuliza mbona nimesimama pale nusu saa. Nikamweleza. Hakusema kitu, akakaa chini sakafuni karibu yangu, wenzake wakakaa, tukabaki hapo. Ratiba yote ya alasiri ilikufa na hakuna aliyelalamika. Mimi rai yangu ni kwamba wale simba warudi Kenya, hata kwa kuazimwa, watoto wa Voi wawaone. Ila kama uko Chicago, nenda.

Bi Forodhani

Assalaam alaykum. Sisi tulikuwa wanawake wanne, watatu wa Unguja na mwenzetu wa Maskati, tulikwenda mwezi wa nane. Kwa wanaoswali, pana msikiti State Street, katikati kabisa ya mji, umo ndani ya jengo la ghorofa, ukipita haraka huuoni. Chakula cha halali nendeni Devon Avenue, maduka ya Wahindi na Wapakistani yamejipanga barabara nzima, bizari mpaka nguo. Pizza muulize kwanza, aghlabu hutiwa soseji ya nguruwe.

Tulikwenda na ufukweni, Oak Street. Mchanga upo, mawimbi yapo, ng'ambo huioni. Lakini hapana harufu! Mwenzetu akajilamba mdomo akasema, "Hii bahari haina chumvi." Tukacheka mpaka tukaketi.

Msukuma wa Capri Point

Dada yangu Bi Forodhani, mimi hapo ndipo nilipojisikia nyumbani. Ziwa Michigan lina kilomita za mraba 58,000 hivi, letu la Victoria ni kubwa zaidi ya hapo, nikawaambia jamaa zangu hivyo kwa kifua. Njia ya kandokando ya ziwa ina kilomita 29, tuliimaliza kwa baiskeli za kukodi. Angalieni muda wa baiskeli, ukipitiliza wanakukata kwa dakika.

Jepkosgei wa Iten

Yangu ni ya tarehe 8 Oktoba 2023. Tulikuwa wasichana wanne tunaosoma Iowa, tulienda kushangilia marathoni. Lile sanamu la "harage" la Millennium Park, Cloud Gate, lilikuwa limezungushiwa uzio wa ujenzi, hivyo picha hiyo hatuna. Sikujali hata kidogo.

Tulisimama karibu na mwisho, Grant Park, tangu kukiwa na giza. Baridi hiyo! Tulijifunika bendera moja wanne. Kiptum, mkimbiaji wetu wa Kenya, alipotokea alikuwa peke yake. Hakuna mtu nyuma yake unayeweza kumwona. Tuliimba jina lake mpaka Wazungu waliokuwa kando yetu wakaanza kuliimba pia, na tukawarekebisha matamshi. Saa ikaonyesha 2:00:35, sekunde 34 chini ya rekodi ya dunia ya Kipchoge. Rafiki yangu wa Chepkorio alipiga magoti palepale kwenye lami.

Miezi minne baadaye, Februari 2024, akafariki kwa ajali ya gari, kijana wa miaka 24. Sisi wanne tulipigiana simu usiku huo tukabaki tu kwenye laini bila kuongea. Ile bendera bado ninayo, sijaifua.

Mtu wa Bukavu, Rogers Park

Jambo bandugu. Miye ni Mkongomani, niko Chicago toka 2016, na nimefurahi sana kusoma haya.

Wageni wanaanzia maghorofani, ni sawa. Lakini mukivuka daraja la Michigan Avenue, simameni kidogo. Pale pana sanamu la kichwa cha Jean Baptiste Point du Sable. Huyu ni mtu mweusi, na ndiye mgeni wa kwanza aliyejenga makao ya kudumu kwenye mlango wa huu mto, karne ya 18. Barabara kubwa ya kando ya ziwa wameipa jina lake 2021. Mtoto wangu wa kwanza nilimpeleka pale siku alipoanza shule.

Bila pesa pia munaweza kutembea vizuri. Bustani ya wanyama ya Lincoln Park kuingia ni bure. Chicago Cultural Center ni bure, mupande juu muangalie dari la vioo vya Tiffany, mukae chini yake tu. Na vaeni vizuri, Oktoba upepo wa ziwa unaingia mpaka kwenye mfupa.

Mtoto wa Tabata, hao wadogo zako wanafika tarehe ngapi? Wapande Red Line washuke Morse. Bibi yangu, mama wa watoto, atapika sombe (majani ya muhogo) na ugali, samaki iko. Uwaambie wasikule njiani.

Mtoto wa Tabata (mwanzisha mada)

Kaka, nimekutumia ujumbe wa faragha. Wanafika Alhamisi jioni, na yule mwenzetu wa salio la dola 11 amesema anaungana nao kutoka Minneapolis.