Mada: Nisaini karatasi ya kufuta viza kabla hela haijaingia?

Kutoka: Mtanga wa Al Quoz

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wakubwa zangu shikamooni. Nimeacha kazi baada ya miaka minne ya hausikipingi kwenye hoteli ya nyota tano hapa Dubai. Notisi nimeimaliza juzi. Jana HR wameniita, wamenipa karatasi ya kufuta viza. Imeandikwa kwamba nimepokea haki zangu zote, na mimi sijapokea hata dirhamu moja. Dada wa ofisini anasema nisaini kwanza, kiinua mgongo kitaingia benki pamoja na mshahara wa mwisho. Nilipoomba nikae nayo usiku mmoja, alikunja uso.

Halafu hesabu: wamepiga kwa beziki tu, yaani mshahara wa msingi, dirhamu 1,200 kwa mwezi. Sevisi chaji hawakuigusa. Na wamekata siku 40 nilizokwenda nyumbani kumzika baba. Tikiti yangu ni ya Jumamosi. Nisaini au nisisaini?

Kutoka: Mzee wa Sharjah

Wa aleikum salaam mwanangu. Pole sana kwa baba, Mungu amrehemu.

Umeacha mwenyewe, kwa hiyo usitegemee kupata kiinua mgongo chote. Aliyefanya kati ya miaka mitatu na mitano anapata theluthi mbili. Mimi nilibeba mizigo ya wageni miaka minne, nikatoka 2008, nikapewa theluthi mbili. Enzi hizo pasipoti zetu zilikaa kwenye droo ya HR. Ya kwangu niliikamata uwanja wa ndege, PRO wa hoteli, yule anayeshughulikia makaratasi ya viza, alinikabidhi mlangoni kama mtu anayemkabidhi mtoto kwa mzazi wake. Nilisaini kila walichonipa, nikaenda zangu.

Kutoka: Mhasibu, Karama

Mzee wangu, kwa heshima zote, hiyo ni sheria ya 1980 na imeshafutwa. Tangu 2 Februari 2022 tunafuata Sheria Na. 33 ya 2021. Kiinua mgongo ni siku 21 za beziki kwa kila mwaka katika mitano ya kwanza, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Kuacha mwenyewe hakupunguzi kitu. Jambo hili nimeliandika humu mara nyingi, na kila mara theluthi zinarudi. Tusimtie hofu mtoto wa watu.

Dada, 1,200 gawa kwa 30 ni 40. Mara 21 ni 840 kwa mwaka, kwa miaka minne ni 3,360. Siku za likizo bila malipo hazihesabiwi, hapo HR wako sawa. Ila kufiwa na mzazi kuna siku 3 za malipo, kwa hiyo wakate 37. Kwenye kiinua mgongo tofauti haifiki hata dirhamu 10, lakini idai, ni siku za baba yako. Sevisi chaji haimo kwenye beziki. Ndiyo sababu mikataba ya hoteli huandikwa beziki ndogo na posho kubwa. Na haki zako zote wanatakiwa wakulipe ndani ya siku 14 tangu mkataba uishe. ILOE, ile bima ya kupoteza kazi, usihangaike nayo, ukiacha mwenyewe hailipi.

Kutoka: Mvita, Abu Dhabi

Mhasibu, hesabu zako ni sawa, ila wewe unakaa ofisini. Mgeni akiona asilimia 10 ya sevisi chaji kwenye bili anaamini imeingia mfukoni mwangu, kwa hiyo tipu haachi. Sisi tunagawiwa kwa pointi, meneja zake nyingi, mhudumu zake chache, na mwezi wa Agosti hoteli ikiwa tupu hupati kitu.

Na hiyo sheria inasema Ramadhani kazi ipungue saa mbili kwa siku. Mwaka huu nilikuwa kwenye hema la Ramadhani la hoteli, futari mpaka daku. Adhana inaadhiniwa, mimi nimeshika sinia la sambusa za watu. Nilifungua kwa tende mbili nyuma ya mlango wa jikoni, nimesimama. Nilikumbuka kwetu Kibokoni, Mombasa, mbaazi za nazi na mahamri, jirani anapitisha kaimati juu ya ukuta, nikalia. Supavaiza akaniambia nikaoshe uso, mgeni asione.

Angalau sisi Wakenya 2022 tulipiga kura huku huku Emarati. Wanasiasa wakijua una kura, simu zako zinapokelewa.

Kutoka: Mzee wa Sharjah

Hilo la kura linaniuma. Nimetuma hela nyumbani zaidi ya miaka 20, nimesomesha watoto wa kaka zangu, na Mtanzania aliye nje bado hapigi kura. Uraia pacha nao tumeuomba mpaka tumezeeka.

Kutoka: Mtanga wa Al Quoz

Ahsanteni wote, na Mhasibu Mungu akuzidishie, hizo siku 3 sikuzijua.

Lakini bado sijajua kuhusu saini. Mwenzangu wa chumbani, Mganda, alikataa kusaini, akakaa kambini wiki tatu bila kazi wala mshahara, na kantini wakamfungia kadi. Mimi nimefanya vyumba 14 kwa zamu miaka minne. Ukikuta DND mlangoni asubuhi, kile kibao cha usinisumbue, unavirudia jioni mgongo umeshakufa. Shuka isiwe na mkunjo, slipa zikae juu ya kitambaa upande anaolala mgeni, na supavaiza anamulika tochi chini ya kitanda. Kazi ile niliipenda, na niliijua. Mgeni mmoja bibi kizee alikuwa akirudi kila Januari ananiulizia kwa jina. Sitaki kuondoka nimeandika kwa mkono wangu jambo ambalo si kweli.

Kesho saa nne asubuhi naitwa tena. Kuna aliyesaini na hela ikaingia kweli?

Kutoka: Mzee wa Sharjah

Mwanangu, Jumamosi unapanda ndege ya saa ngapi? Dada yangu yuko Chumbageni, huko huko Tanga, macho yanamsumbua, na nina dawa zake hapa, hazifiki kilo mbili. Kama mzigo wako una nafasi nitakuletea Al Quoz mwenyewe Ijumaa baada ya swala. Nitakuja na halua kidogo ya mama yako.