Dell OptiPlex 9020 na gemu za siku hizi: nianze na nini?

gemu_nakawa:
Wakuu, naomba ushauri. Mashine ni OptiPlex 9020 ile kubwa ya kusimama, mtumba wa ofisi. Prosesa i5-4590, RAM 8GB kijiti kimoja, diski ya kuzunguka 500GB, haina kadi ya picha. Windows 10. Skrini ni 1920x1080 lakini ina tundu la VGA tu. Nataka GTA V, FC 26 (ile ya mpira), na mojamoja ya gemu mpya. Mipangilio ya chini au ya kati inatosha. Bajeti shilingi laki saba. Duka moja mjini Kampala wananiambia nichukue kadi ya picha ya GTX 1060, eti watanipa na adapta ya umeme bure. Nichukue?

waya_na_skrubu:
Hiyo 1060 waachie wenyewe, na adapta yao.

Pawasaplai ya 9020 ya kusimama ni wati 290 na haina waya wa pini 6 wa kulisha kadi ya picha. Adapta ya bure kwa kawaida inachomekwa kwenye plagi ya SATA. Plagi hiyo ina pini tatu za volti 12, kila pini ampea 1.5, jumla wati 54. Plagi ya pini 6 inaruhusiwa kuvuta hadi wati 75. Gemu ikikolea, plastiki ya SATA inalainika, unasikia harufu, kisha nyaya zinagusana. Pawasaplai ya kawaida nayo haiingii moja kwa moja, kwa sababu madabodi hii inatumia plagi ya Dell ya pini 8 badala ya 24. Kuna waya wa kubadilisha, lakini ukishanunua huo pamoja na pawasaplai ya maana, bajeti yako imekwisha kabla ya kadi.

Tafuta kadi inayokula umeme wa sloti yake ya madabodi (PCIe) peke yake, maana sloti hiyo inatoa mpaka wati 75. Kwako ni GTX 1650 ya 4GB isiyo na tundu la umeme. Iangalie kwa macho: zipo 1650 zenye tundu la pini 6 juu ya ukingo, hizo ziache. GTX 1050 Ti nayo inakaa ndani ya wati 75, ila Nvidia wamesimamisha draiva mpya za gemu kwa familia yake tangu Oktoba 2025, imebaki kupata marekebisho ya usalama. RX 6400 ni wati 53, inavutia, lakini inatumia njia 4 tu za PCIe, na sloti yako ni PCIe 3.0. Inapoteza kasi hasa pale 4GB zake zinapojaa.

Kuhusu skrini: 1650 haitoi VGA. Nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye chipu ndani. Waya mtupu wenye plagi mbili hautaonyesha kitu. Na usiache waya wa skrini kwenye madabodi, uhamishie kwenye kadi.

Bandia zimejaa. Ukionyeshwa 1050 Ti au 1650 yenye tundu la VGA, ishuku hapohapo. Mara nyingi ni chipu ya zamani iliyobandikwa jina jipya kwenye BIOS ya kadi. Nenda na GPU-Z (programu ya kusoma taarifa za kadi) kwenye flashi na uifungue kabla ya kulipa. 1650 halali inasoma 896 kwenye Shaders. Ya kughushi huandikwa [FAKE] mbele ya jina.

arua_pc:
Naongeza RAM. Chukua kijiti cha pili cha 8GB DDR3-1600, uwe na njia mbili za kumbukumbu. Uliza mara mbili kama si RAM ya seva: ile yenye alama ya R baada ya kasi (PC3-12800R) ni rahisi lakini mashine haitawaka kabisa. DDR3L inakubali. Vijiti viwili vikae kwenye sloti zenye vishikio vyeupe.

SSD (diski isiyozunguka) iwe ya SATA, inchi 2.5. Usishawishiwe na NVMe (SSD ya kijiti) kwa mashine hii, haina sloti yake. 500GB ndiyo kima cha chini. FC peke yake inataka karibu 100GB.

Ukiwa umefungua kesi, puliza vumbi lote na ubadilishe krimu ya joto ya prosesa. Vumbi jekundu likishajaa kwenye kipoza, prosesa inajipunguza kasi, mtu anailaumu kadi.

kibao_na_panya:
Hapo kwenye FC 26 pana mtego ambao hakuna aliyeutaja. Inadai Secure Boot, ulinzi unaokagua mfumo mashine inapowaka. 9020 inayo, lakini ofisi nyingi zilisakinisha Windows kwa njia ya zamani (Legacy, diski ya MBR), kwa hiyo imezimwa.

Kwa kuwa unaweka SSD mpya, sakinisha Windows upya. Kabla ya hapo bonyeza F2 mashine inapowaka uingie BIOS (mipangilio ya madabodi), General > Boot Sequence weka UEFI (njia mpya), Advanced Boot Options toa tiki kwenye Legacy Option ROMs, mwisho Secure Boot weka Enabled. Ukiamua kunakili diski ya zamani badala yake, usiguse BIOS kwanza: fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, andika `mbr2gpt /validate /allowFullOS`, na ikikubali rudia ukiwa na `/convert`. Ikikataa, hesabu patisheni. Zikizidi tatu za msingi haifanyi kazi.

Battlefield 6 isahau. Inadai TPM (chipu ya usalama) toleo 2.0, 9020 ina 1.2. Kwa gemu ya Indiana Jones ya 2024 tatizo ni kadi, inataka miale ya mwanga ya kwenye chipu (ray tracing) na 1650 haina.

gemu_nakawa:
Asanteni sana ndugu zangu. Chenji ikibaki, i7-4790 ina faida?

waya_na_skrubu:
Ipo. i5 yako ina viini 4 na nyuzi 4, i7 ina nyuzi 8, inapunguza ule mkwamo wa ghafla ukiendesha kwa kasi mjini kwenye GTA. Sasisha BIOS kwanza. Lakini anza kwa kufunga fremu kwenye 60 kwa sekunde, au 45, uone kama bado unaihitaji.

kibao_na_panya:
Mimi nakataa. Hela ya i7 iongeze kwenye mauzo ya 9020 yenyewe, utafute mtumba wa i5-8500: viini 6, TPM 2.0, Windows 11 rasmi. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma Oktoba 2025. Kadi na SSD utahama navyo, RAM tu ndiyo itabaki kwa sababu kule ni DDR4. Kwa hiyo hata hicho kijiti cha DDR3 usikinunue kabla hujaamua.

waya_na_skrubu:
Kwa hilo la RAM nakuunga mkono. Ila akihama, akague pawasaplai ya huko pia. Nyingine zina wati chache kuliko hii.

arua_pc:
Na UPS (betri ya akiba) jamani. 650VA inatosha, mashine hii kwenye gemu inavuta kama wati 200, yaani saa tano kwa yuniti moja ya Yaka (umeme wa kulipia kabla). Umeme ukikatika gemu ikiwa inajisasisha, unaanza kupakua upya kwa bando lako.