Mtoto wangu na pembetatu: nimsaidieje, na mimi mwenyewe niliishia darasa la nane?

MamaKayole:
Habari za jioni wenzangu. Niko na kijana wa Gredi ya 8. Hesabu za kujumlisha na asilimia hazimpi shida, lakini zikifika pembe anakunja uso. Jana alileta karatasi, maswali kumi, amepata mawili. Nisomeeni hili moja: pembetatu ABC, upande AB ni sawa na AC, pembe A ni nyuzi 40. Mstari BC umevutwa ukapita C mpaka D. Tafuta pembe ACD.

Ameandika 115. Namuuliza umeitoa wapi, anasema amepima na protrakta. Nikapima mwenyewe mezani, kweli ni 115! Sasa hiyo X nyekundu ni ya nini? Babake ni mlinzi wa usiku, pesa za tuisheni hakuna.

Nairobi_Kwetu:
Si apige picha tu, simu imfanyie.

MwalimuMstaafu:
Simu haiingii chumba cha mtihani, kijana.

Mama, X ni halali. Mchoro wa swali ni kama mtu anayekuchorea njia ya kwake mchangani kwa kijiti: unaonyesha nini kiko kando ya nini, haupimi hatua. Swali likisema "tafuta" au "kokotoa", protrakta inarudi mkobani. Inatolewa likisema "pima" au "chora".

Kaa naye hivi. Kabla ya kukokotoa chochote, aandike kwenye mchoro wenyewe kila anachopewa. Atie kistari kidogo kwenye AB na kingine kwenye AC kuonyesha ni sawa. Aandike 40 ndani ya A. Halafu umuulize: pembe zipi mbili zinalingana? Hapa ndipo wengi wanaanguka, wanadhani A inahusika kwa sababu iko kati ya zile pande sawa. Hapana. Pembe inalingana na mwenzake kama pande *zinazotazamana nazo* zinalingana. AB inatazamana na C, AC inatazamana na B. Kwa hivyo ni B na C.

Sasa, pembe zote tatu ni 180. Toa 40, zinabaki 140. B na C wagawane nusu kwa nusu, 70 kila mmoja. ACD na ACB zimekaa pamoja kwenye mstari mmoja ulionyooka, na mstari ulionyooka ni 180. 180 toa 70 ni 110.

Akitaka kuhakikisha: pembe ya nje ni jumla ya zile mbili za ndani zilizo mbali nayo. A na B, 40 na 70. Ni 110 tena.

MamaKayole:
Asante sana mwalimu. Ila ataniuliza kwa nini 180. Namjua.

MwalimuMstaafu:
Mpe mkasi na karatasi. Akate pembetatu yoyote, aweke alama kila pembe, azichane zote tatu, kisha azipange ncha zikiwa zimekutana pahali pamoja. Zitakaa kwenye rula kama zimepimwa. Huo bado si uthibitisho wenyewe. Uthibitisho unatumia mistari sambamba, na atafika huko.

FundiWaRongai:
Mimi si mwalimu, lakini pembetatu ndiyo inanipa unga. Tukitaka kona ya msingi ikae skwea, tunafunga kamba mbili. Kwenye moja napima mita 3 natia alama, kwenye nyingine mita 4. Kutoka alama hadi alama tepu isome 5 kamili. Ikisoma 5.1 kona imefunguka, ikisoma 4.9 imejifunga. Mara 3 kwa 3 ni 9, 4 kwa 4 ni 16, jumla 25, na 5 kwa 5 ni 25. Mama, kwa nyumba tumia sentimita 60, 80 na 100, mpime kona ya sebule. Msikasirikie aliyejenga.

DadaUmoja:
Na mistari sambamba mpeleke kwenye reli. Vyuma viwili, halafu kile kinjia cha watu kinachokata mshazari. Mwambie atafute herufi Z: pembe mbili za ndani ya Z ni sawa. Mimi nilielewa hivyo, tena nikiwa kidato cha pili, nimechelewa.

MamaKayole:
Nimerudi. Tulikaa jana usiku, stima ikapotea, tukamalizia kwa mshumaa. 110 ameipata mwenyewe, na maswali mengine manne. Moja la pembetatu yenye pembe ya 130 amelikosa, alisahau kutoa.

Kona ya sebule ilisoma sentimita 103. Mwenye nyumba sijamwambia.

Lakini ile ya kuchana karatasi mwalimu umeniponza. Amechana pembetatu nene, nyembamba, zote zikalala kwenye rula. Halafu bila kuambiwa akakata umbo la pande nne lililopinda pinda, akachana pembe zote nne, zikazunguka zikafunga duara. Ananiuliza ni 360? Nimemwambia nadhani. Kalenda ya ukutani imebaki Novemba na Desemba peke yake.