Mshahara pamoja na duka la nafaka: nalipa kodi gani Kenya?

Mwuliza swali: Habari zenu. Nimeajiriwa, na mwajiri hukata kodi kwenye mshahara wangu kila mwezi. Pia nina duka la nafaka Kitale, ambalo mauzo yake ni kama shilingi 200,000 kwa mwezi. Je, duka hilo nalo linadaiwa kodi?

Jibu 1: Ndiyo, ndugu. Kwa kuwa mauzo yako ya mwaka yamo kati ya milioni 1 na milioni 25, unaingia kwenye kodi ya mauzo ghafi (inayotozwa kwa mauzo yote, si faida), ambayo tangu 2023 ni asilimia 3, na hulipwa kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwako ni shilingi 6,000, bila kuondoa kodi ya pango, magunia wala usafiri.

Jibu 2: Hapo ndipo wauza nafaka huumia, kwa sababu faida yao ni ndogo. Ukibakiwa na faida ya 12,000 kwa mwezi na mshahara wako umepita 32,333 kwa mwezi, faida hiyo ingetozwa asilimia 30, yaani 3,600 tu. Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna wa mamlaka ya kodi, KRA, ukiomba kutozwa kwa faida, ila utunze risiti na daftari kwa miaka 5.

Mwuliza swali: Asanteni sana. Na ritani (taarifa ya mapato na kodi) ya mwaka?

Jibu 1: Iwasilishe kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, kabla ya tarehe 30 Juni kupita, ukitumia fomu ya P9 kutoka kwa mwajiri, inayoonyesha mshahara wako na kodi iliyokatwa.