Tupeane uzoefu: siku uliyokanyaga volkano iliyo hai

Ndugu zangu, ninaomba sisi tuliowahi kupanda volkano zilizo hai tusimuliane tuliyoyaona kwa macho yetu, hasa yale ambayo hakuna aliyetuambia kabla ya safari. Ninaanza mimi.

Nilipanda Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, mwaka 2004. Tuliondoka usiku wa manane, kwa sababu mteremko ule hauna mti wala kivuli, na jua likishapanda, mawe yake hushika joto lisilovumilika. Tulifika ukingoni kabla hapajapambazuka. Wakati huo kasoko, yaani shimo la kileleni, ilikuwa imejaa lava iliyoganda hadi mdomoni, nasi tukatembea juu yake kama watu wanaokatiza uwanja. Nilitarajia kuona moto mwekundu, lakini kulipokucha nilichokiona kikitiririka kilikuwa cheusi na chepesi kama oili chafu, nikadhani ni tope. Nilikuwa nimeinua mguu nilikanyage, mwongozaji wetu, mzee wa Kimaasai, akanivuta mkono kwa nguvu.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Lava ya mlima ule imejaa magadi na karibu haina silika (madini yanayounda mchanga na kioo), kwa hiyo hutoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, takriban nusu ya joto la lava nyingine, na mchana haing'ai. Ikishapoa hunyonya unyevu wa hewa na kugeuka nyeupe baada ya siku chache. Mzee alituonyesha tofauti hiyo: nyeusi ni changa, nyeupe imekaa. Hata hiyo nyeupe aliigonga kwa fimbo kabla ya kuikanyaga, akisikiliza kama chini yake pana uwazi. Ninamkumbuka kwa shukrani kila ninapotazama picha za siku ile.

*Mchangiaji wa pili*

Mkuu, mlima unaousimulia haupo tena. Mimi nilipanda mwaka 2015, na uwanja mliotembea ulikwisha kuharibiwa na milipuko ya mwaka 2007 na 2008, iliyojenga kilima kipya cha majivu na kuacha katikati yake shimo lenye kina cha mita 100 hivi, ambalo kuta zake zilikuwa zimesimama wima. Hakuna kati yetu aliyeshuka humo. Tulilala kifudifudi mbali kidogo na ukingo, kwa sababu ukingo wenyewe humeguka, tukasikiliza lava ikipiga kuta huko chini kwa mshindo unaofanana na mawimbi ya bahari kwenye miamba.

Kwangu mimi, jambo ambalo hakuna aliyenionya ni kushuka. Majivu yaliyoganda juu ya mwamba ni kama saruji iliyomwagiwa changarawe, na magoti yaliyokwisha kuchoka kwa saa sita za kupanda ndiyo yanayotakiwa kukuzuia. Nilianguka mara nne. Anayejiandaa afanye mazoezi ya kushuka, na achukue glavu nzito, kwa kuwa mikono ndiyo itakayoumia kwanza.

*Mchangiaji wa tatu*

Mimi nilipanda Nyiragongo, upande wa Goma, nikalala ukingoni kwenye mita 3,470 nikilitazama ziwa la lava usiku kucha. Wekundu uliokosekana Lengai niliukuta huko, na sina maneno ya kuueleza. Mwezi Mei mwaka 2021 mlima ulipasuka ubavuni na ziwa lile likatoweka, huku lava ikiteremka hadi viunga vya mji.

Hata hivyo, hofu yangu kubwa haikuwa kileleni. Siku iliyofuata, karibu na Ziwa Kivu, mwenyeji wangu alinikataza kukata njia kupitia kibonde kidogo chenye majani mazuri, akanionyesha mbuzi aliyekufa humo bila jeraha. Wenyewe hewa hiyo huiita mazuku: ni kaboni dayoksaidi itokayo ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hutuama mahali pa chini, hasa alfajiri pasipo na upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa salama pale ambapo mtoto au aliyechutama anakosa pumzi. Tangu siku hiyo, nikiwa kwenye ardhi ya volkano siketi kupumzika mahali pa bondeni kabla ya kumuuliza mwenyeji.

*Mwanzisha mada*

Asante sana, hilo la mazuku sikulijua. Je, kuna aliyewahi kufika Karthala, kule Ngazidja? Ninapanga kwenda, na ningependa kusikia habari za njia na maji.