Naomba ushauri: natafsiri shairi la Faiz, nimekwama kwenye neno moja

Habari zenu wakuu. Natafsiri "Subh-e-Azadi", shairi la Kiurdu la Faiz Ahmed Faiz kuhusu uhuru wa Agosti 1947, India ilipogawanywa, Pakistan ikazaliwa, na watu wengi mno wakauawa au kuyakimbia makwao. Faiz hakushangilia. Uhuru huo aliuita nuru yenye madoa, alfajiri iliyoumwa na usiku.

Hapo ndipo nimekwama, leo siku ya tatu. Kwa "iliyoumwa" msomaji anaweza kudhani alfajiri inaugua, kumbe Kiurdu kinasema imeng'atwa, kama mtu anavyoumwa na nyoka. "Iliyong'atwa" nayo naiona nzito mdomoni.

Halafu vina na mizani: nivifuate? Naogopa vitafunika uchungu wa wale watu. Mliowahi kutafsiri mashairi, nisaidieni tafadhali.