Kaunti inawafutia watoto bima, halafu inatuletea hema na kalamu za bure

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, na atakayeniambia nitulie kwanza apite tu uzi mwingine.

Mlioko Ohio, Marekani, mnajua utaratibu: hela ya TANF (msaada wa fedha kwa familia maskini), fudi stempu (msaada wa chakula) na kadi ya Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) vyote vinapitia kaunti. Ukitaka hiyo TANF lazima utumikie saa zako za kazi, hadi 30 kwa wiki kwa mzazi aliye peke yake, na mwisho wake ni miezi 36. Hilo sibishani nalo leo.

Kuna dada mmoja mtu wa Uvira, Kongo, jirani yangu, ana watoto watatu. Kaunti ilimpeleka kwenye ghala la mitumba apange nguo bila mshahara ili saa zake zitimie. Kila wiki karatasi ya saa lazima isainiwe na msimamizi. Wiki moja msimamizi yuko likizo, karatasi ikaenda bila saini. Hela ikakatwa mwezi mzima, ya familia yote, siyo ya mama peke yake. Akaniambia, "Kaka, masaa yote nilifanya. Zile nguo zilijipanga zenyewe?"

Hilo tungelimeza. Kilichonipandisha mori ni bima ya watoto. Walikuwa wamehama, na anwani mpya alishampa kesiwoka wake (afisa wa kaunti anayeshika faili lake) wa upande wa kazi, wale wanaofuatilia saa. Barua ya kumkata hela ilifika nyumba mpya bila kupotea hata kidogo. Fomu za Medicaid za kuhakikiwa upya, kutoka kaunti hiyo hiyo, zikaenda nyumba ya zamani! Hazikujibiwa, watoto wakafutwa. Mama kaja kujua dirishani kwa mfamasia, kaenda kuchukua pampu ya pumu ya mwanawe, anaambiwa kadi haifanyi kazi, alipe mwenyewe au aache dawa.

Nilimsindikiza ofisini. Jibu? Upande wa kazi na upande wa bima wana mifumo tofauti. Tukaomba mkalimani, wakamwangalia binti yake wa miaka 12, eti si anajua Kiingereza, atafsiri yeye. Mtoto amweleze mama yake mambo ya kufutwa bima! Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazibana ofisi zote zinazokula fedha za serikali kuu, lugha isiwe kizuizi cha huduma, na mkalimani halipiwi na mteja. Nilipolitaja hilo ndipo simu ya ukalimani ikapatikana.

Na wasituambie ni bahati mbaya. Mwaka 1996 Rais Clinton alisaini sheria iliyotenganisha hela ya msaada na Medicaid, yaani mzazi akigombana na kaunti kuhusu saa za kazi, bima ya watoto isiguswe. Sheria ile ile ilitenga dola milioni 500 kuzisaidia serikali za majimbo na utengano huo, ikiwemo kuwafikia watu na kuwaeleza. Bado familia nyingi zenye haki ziliachwa nje. Ukaja 2023, uhakiki uliosimamishwa wakati wa korona ukarudi: watu zaidi ya milioni 25 nchi nzima wakaondolewa Medicaid, na zaidi ya theluthi mbili yao kwa sababu za makaratasi. Kipato chao wala hakikuangaliwa.

Sasa sikilizeni kituko. Jumamosi iliyopita kaunti wameweka hema nje ya duka letu la vyakula. Puto, kalamu, vifuko, bango kubwa: je, mtoto wako ana bima? Kijana wa watu mwenye tabasamu anamkabidhi yule dada kipeperushi. Cha Kiingereza upande huu, Kihispania upande ule. Nikamuuliza kama anaweza kuingia kwenye mfumo aone kwa nini hawa watoto wamefutwa. Hana ruhusa. Kazi yake ni kuhamasisha. Simlaumu yeye, lakini aliyepitisha bajeti ya puto angelipia stempu ya barua kwenye anwani sahihi tungekuwa mbali.

Na bado. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 inaleta saa 80 za kazi kwa mwezi kwa watu wazima wengi wa Medicaid kuanzia Januari 2027. Wenye watoto wa miaka 13 kushuka chini wamesamehewa, ila msamaha nao unaweza kutaka karatasi, na karatasi zao ndizo hizi. Wakimbizi wasio na green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) ndiyo kabisa, Oktoba 2026 wengi wanatolewa.

Rufaa ya jimbo dhidi ya kufutwa bima tumeshaomba. Kwa wengine: mna siku 90 tangu barua ya kuwakata itumwe, lakini mkiomba ndani ya siku 15 huduma inaendelea mpaka uamuzi utoke. Yeye hakupata hata hiyo nafasi, maana barua iko kwenye sanduku la mpangaji mwingine.

Nani humu ameshawahi kusimama kwenye rufaa ya Medicaid Ohio? Walikubali ushahidi wa anwani kutoka kwa kesiwoka wa kazi, au wanataka mkataba wa nyumba? Na mwenye kujua namna ya kuwalazimisha watupe mkalimani wa Kiswahili aseme, maana wa mwisho tuliyeunganishwa naye kwenye simu alikuwa anaongea Kisomali.